Mifupa ya Jenifa

Wilibrodi alimpiga mdogo wake kabla salamu haijaisha. Zenon alikuwa ameinamisha kichwa aseme shikamoo kaka, ngumi ikamkuta mdomoni, akarudi nyuma akakanyaga mahindi yaliyoanikwa uani, mahindi yakamtelezesha, akaanguka chali. Kuku wakatawanyika. Dominika, mke wa Zenon, alikuwa hatua mbili nyuma amebeba kikapu chenye sukari na kitenge cha zawadi. Alisimama palepale, hajui kikapu akiweke chini au aendelee kukishika.

"Mate ya mtoto yako wapi?" Wilibrodi aliuliza.

"Kaka, tukae kwanza tuongee."

"Nimekuuliza mate. Mwezi wa nne ulikuja hapa ukaniambia unampeleka Jenifa mjini akapimwe gauni la Komunyo. Nikakuamini, mdogo wangu wa tumbo moja. Kumbe mmemwingizia vijiti mdomoni, mkamfuta mashavu kwa ndani, mkafunga mate yake kwenye bahasha. Kaniambia mwenyewe juzi. Hayo mate mmempelekea nani?"

Zenon alijifuta damu kwa kiganja. Yote yalikuwa kweli. Gauni lilikuwepo, Dominika alilishona kwa cherehani yake barazani kwao Katandala, na lilimkaa vizuri. Lakini siku ileile walimpitisha binti hospitali, nesi akampangusa mashavu kwa vijiti vya pamba, vijiti vikasafirishwa kwenda kupimwa. Zenon ndiye aliyeshauri wasimwambie kaka yake. "Majibu yakija mabaya tutakuwa tumegombana naye bure," alisema siku ile. "Yakija mazuri tutamweleza taratibu." Sasa yamekuja mazuri, na pale kijijini nje ya Laela hakuna mtu mzima asiyejua anayekuchukulia mate yako kimyakimya anataka kukufanyia nini.

Dominika akaamua kukiweka kikapu chini. Akapiga magoti vumbini.

"Shemeji, kosa ni letu. Tungekuambia tangu mwanzo. Lakini mdogo wake, Oswaldi, anakwisha. Kila wiki tatu anawaka moto, viungo vinavimba, mwili unatoka vipele, ukimgusa hata kwa shuka analia. Ni ugonjwa uleule uliomchukua mwanangu Edith. Sasa madaktari wameupata jina. Ni wa kurithi, umetoka kwetu sote wawili, mimi na mdogo wako. Na wamesema tiba ipo."

"Tiba ni Jenifa," alisema Wilibrodi.

"Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ndiye anayeweza kulingana naye. Wamepima, wamelingana kabisa. Kitanda kimetengwa, hospitali imebeba gharama, Jumanne tunatakiwa tuwe kule. Wanachukua uloto kidogo tu..."

"Uloto wa wapi?"

Dominika alisita. "Wa ndani ya mfupa. Hapa nyuma, kwenye nyonga."

Nyumba ya pili kulikuwa na kilabu cha pombe ya kimpumu. Wanaume walikuwa wamezunguka chungu, mirija midomoni, na tangu ngumi ilipolia walikuwa wameacha kunyonya. Wilibrodi akawageukia.

"Mmesikia? Mimi sijasema kitu. Kasema mwenyewe kwa kinywa chake. Mate walishachukua, leo wamefuata mifupa."

Miaka saba nyuma, wiki ile waliyomzika Edith, Wilibrodi alimpakia Jenifa kwenye baiskeli akamtoa katika nyumba ambayo watu walisema watoto huungua humo wakiwa hai. Hakumwiba. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na wazazi wake, Zenon na Dominika, walikubali huku wanalia. Akamteremsha hadi bondeni kwa mganga, binti akachanjwa chale kwenye kila kiungo, vifundoni, magotini, nyongani, viwikoni, dawa ikasuguliwa humo. Mganga akasema mifupa ya huyu nimeifunga, hakuna atakayetoa kitu ndani yake, na siku akifunguliwa atamwagika wote. Tangu hapo Jenifa hakuugua zaidi ya mafua. Mke wa Wilibrodi alikufa, binti akabaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, akimwita Wilibrodi baba, na baba yake mzazi akimwita baba mdogo.

"Mimi ndiye niliyemfunga huyu mtoto," Wilibrodi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyinyi mlimuua Edith kule. Huyu mmoja nikamfunga mimi. Mmekuja kumfungua?"

"Shemeji, hizo chale haziguswi, daktari..."

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Wilibrodi alilishika kwenye chuma akazungusha mpini, na mpini ukampata Dominika kwenye taya. Mlio wake ulikuwa kama wa kuni kavu. Dominika hakupiga kelele. Aliinama tu mbele, akaweka kiganja chini ya kidevu, na meno mawili yakadondokea humo pamoja na damu, la tatu likabaki linaning'inia.

Zenon aliinuka akamrukia kaka yake kiunoni. Wakaanguka wote juu ya mahindi, mkubwa akawa juu, akamkandamiza mdogo uso kwenye punje, anampigisha kichwa chini, "Wa tumbo moja! Wa tumbo moja!" kila neno na pigo lake. Wanaume wa kilabu walikuja kuamua. Waliokuja kuamua walikuwa watatu. Waliobaki wote walikuja kwa jingine.

"Huyu ndiye mama wa watoto wanaoungua!"

"Mwangalie alivyonona. Mifupa ya watoto inalipa!"

"Wanauzaga kwa gramu hawa!"

Mmoja akacheka. Mwingine, mzee mwenye koti la mvua, akampiga Dominika teke la mgongo kwa namna ya mtu anayejaribu kama mlango umefungwa. Halafu tofali likaja. Halikumpata. La pili lilimpata begani. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi uani kwake akaacha ungo akaja naye, akamvua Dominika kilemba akakitupa, akazishika nywele.

"Leteni mabua!" mtu alipiga kelele. "Mabua makavu haya hapa, leteni!"

Na mabua yakaletwa. Vijana wawili wakaja nayo makumbatio mawili, wanakimbia, kama watu waliotumwa kazi ya harusi. Zenon aliyaona kupitia jicho moja lililokuwa bado wazi, akaacha kumpigia kelele kaka yake, akaanza kumwomba. "Kaka waambie. Kaka watakusikia wewe. Kaka, mke wangu." Wilibrodi alikuwa anahema. Aliyatazama mabua. Uso wake ukabadilika kidogo, lakini hakusema neno.

Aliyesema alikuwa Jenifa. Alikuwa ametoka mtoni na ndoo kichwani, maji yanamwagikia shingoni kwa kukimbia. Aliitua ndoo katikati ya watu.

"Baba, wanafanya nini?"

Hapo ndipo Wilibrodi alipoinuka kutoka juu ya mdogo wake. "Acheni," alisema. "Nimesema acheni." Lakini watu hawakuwa wake tena. Pikipiki ya mtendaji wa kijiji iliingia uani ikipiga honi, juu yake mtendaji mwenyewe, kijana aitwaye Loth, na mgambo mmoja nyuma yake mwenye rungu. Mgambo hakuuliza. Alianza na yule aliyekuwa ameshatoa kiberiti, akamvunja kidole. Akahamia kwa mwenye tofali.

"Mnataka kuniletea kesi ya mauaji hapa?" Loth alikuwa anapiga kelele. "Eti? Mnataka majina yenu yote niyaandike? Wewe, mzee wa koti, nakujua! Mama wewe, rudi kwenye ulezi wako!"

Wakarudi mmojammoja, wengine wakipita kilabuni kumalizia kimpumu kisipoe.

*

Kituo cha afya walikataa kumshona Dominika bila PF3. Tabibu alikuwa mpole tu, lakini fomu ni fomu. "Mama, jeraha la kupigwa siligusi kabla ya polisi. Ukifa mkononi mwangu nitasema nini?" Basi Dominika akatembea hadi polisi, kiganja kimeshika meno kwenye kona ya kanga, akakaa kwenye benchi, akasubiri askari amalize kuandika taarifa ya ng'ombe aliyepotea. Alipoulizwa jina alishindwa kulitamka. Zenon akalitaja. Alipoulizwa nani amekufanyia hivi, akanyoosha kidole mlangoni, ambako mgambo alikuwa anamwingiza Wilibrodi amefungwa mikono kwa mshipi wake mwenyewe.

"Ndugu?" aliuliza sajini, jina lake Maganga.

"Kaka yangu," alisema Zenon.

"Kumng'oa mtu meno ni madhara makubwa, hilo halimalizwi kwa chai. Jumatatu anakwenda mahakamani."

Jenifa alikuwa mlangoni. Mtendaji alikuwa ameamua, mbele ya wote, kwamba mtoto mwenye wazazi hai hukabidhiwa wazazi wake. Zenon alipomshika mkono amtoe pale, binti aliuma ule mkono, akauma akashikilia, hadi Zenon akalia kwa sauti mbele ya askari. Sajini alicheka.

"Huyu kweli wako. Ana meno ya kwenu."

*

Saa kumi jioni waliingia Katandala, Dominika ameshashonwa. Oswaldi alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani kwao, akiangaliwa na Atusaye, nesi wa kutoka Mbeya aliyepanga chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo. Ndiye aliyempangusa Jenifa mashavu mwezi wa nne, na ndiye aliyekuwa akipigiwa simu na madaktari wa hospitali kubwa. Alipomwona Dominika, taya limevimba kama amefichia embe shavuni, aliweka mikono kichwani.

"Ee Yesu. Dada, nani?"

"Shemeji yake," Zenon alijibu. "Mtoto vipi?"

"Homa iko arobaini. Nimempa dawa ya maji. Msimguse mguu wa kulia, goti limejaa."

Oswaldi alikuwa na miaka mitano na mwili wa miaka mitatu. Vipele vimemzunguka shingo kama mtu aliyekabwa. Alipomwona mama yake alinyoosha mikono, Dominika akamwinua, na mtoto huyo aliyetaka kubebwa akapiga yowe la kubebwa, akawa anamsukuma mama yake kifuani na huku amemng'ang'ania. Yowe lile halikuwa na kupumua katikati. Jenifa alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango.

"Umemwona mdogo wako," alisema Zenon.

"Nimemwona."

"Basi kesho tunasafiri."

"Mimi sitoi."

"Hutoi nini?"

"Mifupa yangu. Mmempeleka Baba polisi."

"Baba yako ni mimi!"

"Wewe ni baba mdogo."

Zenon alikuwa mtu mpole. Pale mashine ya kusaga alikofanya kazi walimwita Padri. Lakini tangu asubuhi alikuwa ametoka kupigwa na kaka yake, kuona mabua yanawekwa kando ya mke wake, kuumwa na mtoto wake na kuchekwa na askari, na hapa ndani hakuna mwingine wa kumtolea hasira isipokuwa huyu. Alifungua mkanda. Alimpiga Jenifa mgongoni, mapajani, binti akajikunja chini ya meza ya cherehani, akampigia humohumo, chuma cha mkanda kinagonga miguu ya cherehani. "Utatoa! Utatoa! Utatoa!" Oswaldi alinyamaza kwa hofu.

Atusaye ndiye aliyeudaka mkanda. Aliuviringisha mkononi mwake mara mbili na kuvuta, wakawa wanavutana katikati ya chumba.

"Endelea, baba Oswaldi. Mpige vizuri. Kisha nikueleze unachomfanyia mwanao wa kiume."

"Niachie!"

"Kule watamkalisha huyu binti peke yake. Wewe nje, mkeo nje. Mtu asiyemtibu Oswaldi atamuuliza, je, unataka mwenyewe? Kuna aliyekulazimisha? Akisema hapana mara moja tu, wanafunga faili. Na wakimvua nguo wakakuta alama za mkanda, hata hilo swali hawamuulizi. Umeelewa? Kila unapompiga unamzika yule."

Zenon aliachia. Mkanda ukabaki kwa nesi. Alikaa kwenye kiti cha kushonea akayatazama magoti yake.

Kutoka chini ya meza Jenifa alisema, kwa sauti iliyokauka, "Edith si alikufa, na mkaendelea kula. Na huyu si afe tu."

Dominika alimlaza Oswaldi kwenye mkeka, polepole, akalinyoosha shuka. Akainama, akamtoa Jenifa chini ya meza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akampiga kofi la uso. Tangu amzae hakuwa amewahi kumnyanyulia mkono. Kofi lilimwumiza yeye mwenyewe taya, damu ikamtoka kwenye nyuzi, akasimama hapo inamtiririka kidevuni.

*

Atusaye alimtoa binti nje, karibu na bomba. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unashuka kutoka milima ya Mbizi, akamvisha sweta lake.

"Nionyeshe hizo chale."

Jenifa akapandisha gauni kidogo upande wa kiuno. Mistari mitatu myeusi, mifupi, kila upande.

"Sindano inaingia hapa chini yake kidogo," Atusaye alisema, akamgusa kwa kidole. "Tena siyo moja. Wanachoma, wanavuta, wanachoma tena. Utakuwa umelala usingizi wa dawa, hutasikia. Ukiamka patakuuma, kama mtu aliyeanguka na baiskeli. Wiki moja, mbili. Wanachokuchukulia kinajijaza chenyewe."

"Mganga alisema nikifunguliwa nitamwagika."

"Ya mganga siyajui. Nakwambia niliyosoma na niliyoyaona."

Jenifa alilishusha gauni. "Na yeye?"

"Yeye kazi ni kubwa. Kinga yake imechanganyikiwa, ni kama mlinzi aliyelewa, anapiga risasi ndani ya nyumba aliyowekwa ailinde. Huwezi kumnyang'anya bunduki. Kwa hiyo wanaua walinzi wote kwa dawa kali. Atanyonyoka nywele, mdomo utatoka vidonda. Wakishamaliza, ndani ya mifupa yake hamna kitu. Hapo wanamwekea uloto wa kwako."

"Nikikataa hapo katikati?"

"Anakufa. Ndiyo maana wanakuuliza mwanzoni, siyo katikati."

"Na nikitoa, anapona?"

"Wengi wanapona. Wengine hawaponi. Siwezi kukuapia."

Binti alichezea bomba. "Sasa mbona wao waliniambia gauni?"

"Waliogopa."

"Waliniogopa mimi?"

"Walimwogopa baba yako."

Jenifa akavua sweta, akalikunja, akamrudishia mwenyewe, akaingia ndani. Alimpita Zenon kama kiti, akasimama mbele ya Dominika.

"Mama mdogo. Nitatoa. Lakini Baba atoke kwanza. Nimwone kwa macho yangu ametoka."

Zenon aliruka. "Yule mshenzi? Miaka saba atakaa! Mke wangu hawezi hata kunywa uji, halafu wewe kinyago unatupangia..."

Dominika alinyanyua kiganja. Mumewe akanyamaza. Alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi, na lilitoka limevunjika.

"Atatoka."

*

Jumapili, watu wa Laela wakiwa wanatoka misa ya kwanza, Noah iliwashusha mbele ya kituo cha polisi na begi moja. Basi la Mbeya lingepita hapo saa nne. Dominika alikuwa amemfunga Oswaldi mgongoni kwa kanga mbili, homa ikimchoma mgongo kupitia nguo. Zenon alikataa kuingia. Alikaa nje kwenye jiwe, amewapa kisogo. Jenifa alisimama mlangoni, mahali ambapo angesikia.

Sajini Maganga alifungua jalada. "Mama, hujambo? Unaweza kusema leo?"

"Kidogo. Nimekuja kufuta."

"Kufuta nini?"

"Kesi. Sikupigwa."

Sajini aliweka kalamu chini. "PF3 ninayo hapa. Meno matatu."

"Nilianguka."

"Ulianguka wapi?"

"Kwenye mahindi. Yanateleza."

"Mama, mimi siyo mtoto. Na ujue maelezo ya uongo ni kosa, naweza kukuweka ndani wewe."

"Niweke baada ya mwezi mmoja. Nina safari."

Askari aliyekuwa kwenye kona akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Maganga alimtazama mtoto mgongoni, shingo yake, macho yake yaliyofumba nusu. Akamtazama na binti mlangoni.

"Nani amekutuma useme hivi?"

Jenifa akasema kutoka mlangoni, "Hajasikika vizuri. Aseme tena."

Chumba kizima kikamgeukia. Dominika alifumba macho. Nyuzi zilikuwa zinavuta. Akasema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hadi Zenon akasikia kule nje kwenye jiwe, "Nilianguka! Shemeji yangu hakunigusa! Nilianguka mwenyewe!"

Oswaldi alizinduka akaanza kulia.

Maganga aliandika taratibu, neno kwa neno, akamsogezea wino. Dominika akaweka dole gumba, ingawa alijua kuandika.

Wilibrodi aliletwa kutoka ndani, miguu mitupu, suruali ameishika kwa mkono. Alisomewa. Alimsikiliza sajini hadi mwisho.

"Sitaki msamaha wake," alisema. "Nilimpiga. Andika nilimpiga. Na akirudi kumfuata Jenifa nitampiga tena."

"Toka kituoni kwangu," alisema Maganga. "Toka kabla sijaamua kukusikia."

Akatoka. Jua lilimpiga machoni akasimama. Jenifa alimkimbilia, akakishika kiuno chake kwa mikono miwili, na yule mwanaume mkubwa akaweka kidevu juu ya kichwa cha binti. Honi ya basi ikasikika kutoka upande wa Sumbawanga.

"Twende nyumbani," Wilibrodi alisema.

"Baba, nimeahidi."

"Umeahidi nini? Nani anaahidi kwa mifupa niliyoifunga mimi?"

"Amesema alianguka. Nilimwambia utoke kwanza ndipo nitoe. Umetoka."

"Jenifa, twende."

"Siendi, Baba. Nikishatoa nitarudi."

"Hutarudi! Edith alirudi?" Alimshika mkono akaanza kumvuta, binti akakaza miguu, vumbi likatimka, begi likaanguka. Dominika alisogea akaingia katikati na mtoto wake mgongoni, taya lake lilelile mbele. Wilibrodi akanyanyua mkono kwa ajili yake. Jenifa akampita mama yake kwa mbele, na mkono uliokuwa unashuka haukujua tena kusimama. Ukampata binti sikioni. Alianguka kwa goti moja.

Katika miaka saba Wilibrodi hakuwahi kumpiga. Aliutazama mkono wake.

Zenon alikuwa ameshainuka kutoka kwenye jiwe, na jiwe jingine, dogo, lilikuwa mkononi mwake. Basi likafunga breki kando ya barabara, kondakta ananing'inia mlangoni, "Tunduma Mbeya! Tunduma Mbeya! Wahini, jamani, ugomvi mtaumalizia njiani!" Abiria wakasogea madirishani waone vizuri.

Jenifa alisimama. Sikio lilikuwa linavuma, hakumsikia kondakta, hakumsikia Zenon akitukana. Akawatazama watu wake wazima watatu, mmoja baada ya mwingine, mwenye jiwe, mwenye nyuzi mdomoni, mwenye suruali mkononi.

"Sasa mmenipiga wote," alisema. "Nani amebaki?"

Zenon alidondosha jiwe. Wilibrodi alirudi nyuma hatua moja. Jenifa akaokota begi, akalipangusa vumbi, akapanda basi wa kwanza.